Mjomba Haruhusiwi Kukasirika

Msimu wa 2017 bei ya korosho mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na Tanzania nzima ikapata utani mpya juu yetu watu wa kusini. Ilisemwa Tandahimba kuna mtu anawanywesha mbuzi wake bia. Ilisemwa Newala kuna mzee kakodi basi zima ili akae peke yake siti ya mbele. Kuku walipewa soda, wazee walioa upya, na mtu wa Mtwara akionekana Kariakoo anaulizwa kama ana noti za kubebewa. Tulicheka pamoja na waliotucheka, maana kutaniwa kwa kuwa na hela ni raha kuliko ule utani tuliouzoea, wa kuambiwa tuko nyuma.

Ndani ya utani ule ndimo ugonjwa wa mjomba wangu ulimojificha.

Shamba lake liko upande wa Mahurunga, njia ya Kilambo, karibu na pale Ruvuma unapoanza kutawanyika kwenye mikoko kabla ya kuingia baharini. Ni mtu wa hesabu. Ana daftari la mistari ambamo huandika kilo za kila gunia, siku aliyopulizia salfa na jina la kibarua aliyeokota. Mwaka ule, malipo ya mnada yalipoingia benki, aliacha kulala. Sisi wengine tukikosa usingizi tunalalamika. Yeye hakulalamika, usingizi wenyewe hakuuhitaji. Saa tisa usiku alikuwa anafagia uwanja. Alinunua pikipiki mbili kwa mpigo, moja akampa kijana aliyembebea mzigo stendi. Alishusha saruji msikitini bila kuombwa na mtu. Akatupigia simu ndugu wote kueleza mpango wa boti za kutoka Msimbati hadi Palma, za abiria na samaki, kila boti na jina la dada yake mmoja. Maneno yalimtoka yakikanyagana. Ukimkatiza anacheka, ukicheka anakuwa mkali.

Kijiji kilikuwa na jibu tayari: korosho zimejibu. Hakuna aliyeuliza kwa nini suruali inamvuka wala kwa nini sauti imemkauka. Mkaza mjomba alipomwambia jirani kwamba mumewe hajalala wiki nzima, jirani akamjibu, "Shukuru wewe mwenzangu. Wa kwangu analala mpaka saa nne, na hela hana."

Utani nao ni hukumu. Unakupa jibu kabla hujauliza, na jibu likishapatikana hakuna anayeona haja ya kumtazama mtu usoni.

Masika yalipoingia fedha zilikuwa zimekwisha, pikipiki imeuzwa kwa hasara, na mjomba amelala kaelekea ukutani. Uji ulipoa pembeni mwa kitanda. Magugu yaliota mpaka kwenye mashina ya mikorosho. Ukimwamkia shikamoo, marahaba ilichelewa kiasi kwamba ulianza kudhani hakukusikia. Sasa hukumu ikabadilika, ikawa nzito. Sehemu nyingine za nchi wana msukule. Kusini tuna ndondocha, mtu aliyechukuliwa na wachawi akawa anatumikishwa mashambani usiku. Anayelala pale si yeye, walisema. Yeye mwenyewe yuko kwenye shamba la mtu, analima.

Ubaya wa maelezo ya namna hii ni kwamba lazima yapate mshitakiwa. Mtu hajifanyi ndondocha mwenyewe. Na kwetu Wamakonde, ambako ukoo hufuata upande wa mama, tuhuma haisafiri mbali. Inaanza na waliozaliwa tumbo moja. Mjomba ana dada mkubwa, mjane, mikorosho yake inapakana na ya mdogo wake. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuchoma korosho, kazi aliyoifanya tangu msichana. Kila aliyewahi kukaa karibu na karai la korosho zinazoungua anajua mafuta ya ganda lile yanavyochoma. Lakini macho yale yakageuka ushahidi. Nashukuru hakuna aliyemgusa. Watoto tu waliacha kutumwa kwake kuomba chumvi, na kisimani alikuta anapishwa kuliko anavyopishwa mtu anayeheshimiwa. Mwisho akahamia kwa mwanawe Mikindani. Ugonjwa wa mmoja ukawa umevunja nyumba mbili, na huyu wa pili hakuwa na dalili yoyote.

Mjomba alipelekwa kwa mganga. Najua msomaji anatarajia nini hapa, lakini sina la kumlaani yule mzee. Alimsomea, akamwandikia kombe kwa zafarani, akaliosha kwa maji ya waridi na kumnywesha. Zaidi ya hayo alimkalisha kwake, akamlazimisha kuoga, akawa anatembea naye ufukweni alfajiri maji yakiwa yametoka. Mjomba husema huyo ndiye mtu wa kwanza aliyekaa naye chini bila haraka. Akapata nafuu, akarudi nyumbani. Huruma mganga alikuwa nayo. Kilichokosekana ni kinga ya msimu uliofuata, na hilo jina la mtu wa kulaumiwa naye alilithibitisha badala ya kulifuta.

Kabla mikorosho haijaanza kuangusha tena, ile hali ya kukesha ikampanda mjomba upya. Safari hii hapakuwa na hela za kueleza chochote. Aliletwa mjini kwenye Noah, mikono imefungwa kwa kamba ya nanga, na waliomfunga ni wanawe waliokuwa wanalia. Kwenye kliniki ya afya ya akili alipokelewa na muuguzi mwanamke wa makamo. Jambo la kwanza aliomba kamba ifunguliwe. La pili akamgeukia mkaza mjomba: "Mama, mara ya mwisho baba alilala usiku kucha lini?"

Swali dogo vile. Mkaza mjomba alikuwa na jibu lake tangu mwaka uliotangulia, hakuwa amepata wa kumpa. Akaeleza ya msimu wa bei nzuri. Akaulizwa kama kabla ya hapo iliwahi kutokea, akakumbuka mwaka waliooana, bwana harusi alivyokesha siku nyingi akijenga banda la kuku ambalo hakulimaliza, kisha akanyamaza miezi. Akaulizwa upande wa mama yake mjomba, akamtaja babu mmoja ambaye ukoo mzima humkumbuka kwa vichekesho. Mambo yaliyokuwa yamesimuliwa kama visa mbalimbali, kimoja cha mapenzi, kimoja cha utani, kimoja cha uchawi, yakawa historia ya ugonjwa mmoja. Madaktari huuita baipola: hisia hupanda kupita kiasi kwa wiki au miezi, kisha huporomoka, na katikati mtu anaweza kuwa mzima kabisa. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hautibiki ukaondoka, lakini dawa huudhibiti, kama presha.

Dawa ya kwanza ilimtuliza, na ikatuletea hukumu ya tatu. Baada ya muda mjomba alikuwa mkavu kama mlingoti. Shingo ilimkaza, mate yalimtoka, alitembea bila kupunga mikono. Nilimwona akijaribu kunywa kahawa: alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakipandisha taratibu mpaka kidevuni, kikasimama hapo, kahawa ikawa inamwagikia kanzu huku macho yake yakiniomba nisiseme kitu. Wageni waliomjulia hali walitoka wakinong'ona kwamba hospitali wamemmaliza. Wengine wakasema sasa ndio kichaa chenyewe kimetokeza.

Kile hakikuwa kichaa. Haloperido na dawa za jamaa yake huzuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo pia huendesha mwendo wa misuli, na mwili wa baadhi ya watu hukakamaa. Ni tatizo linalojulikana, nalo lina dawa yake; alipewa Artane, dozi ikapunguzwa, na baadaye akahamishiwa kabamazepini. Mikono ikarudi. Lakini ningependa kujua ni wagonjwa wangapi wameacha dawa kwa sababu mtaa uliona madhara ya kidonge ukayaita ugonjwa, na familia ikaona aibu kuuliza.

Aibu hiyo ina anwani. Nchi hii ina Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanza Dodoma mwaka 1927. Kabla yake palikuwa na Lutindi, kwenye milima ya Korogwe, ambapo wamisionari wa Kijerumani walianza kwa kulea watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kugeukia wagonjwa wa akili. Kutoka Mtwara hadi Mirembe, kwa barabara ya kupitia Dar es Salaam, ni kama kilomita 1,000, na wengi wetu tutakufa hatujaliona geti lake. Jina lenyewe limeshafika bila nauli. Mtu akitoa hoja isiyopendeza anaambiwa akapimwe Mirembe. Mombasa na Nairobi wanasema Mathari, Unguja wanasema Kidongo Chekundu, Kampala wana Butabika. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na kwenye hotuba tunasema maradhi haya ni kama maradhi mengine. Sijawahi kusikia mtu akimtukana mwenzake kwa kumwambia akapimwe saratani Ocean Road.

Na sheria nyingine bado zinasema la kwao. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua na kunusurika kuwa mkosaji. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo hiyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Siku zile mjomba alipokuwa kaelekea ukutani, kamba zote za mbuzi ziliondolewa uani kimya kimya na hakuna aliyesema kwa nini. Familia inayoogopa polisi haiendi kuomba msaada.

Huwa nakumbuka habari ya Mahenge. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari kijana, Louise Jilek-Aall, alifika huko akakuta wagonjwa wa kifafa wanalishwa peke yao, wamejaa makovu ya moto. Mgonjwa akianguka jikoni hakuna wa kumvuta, kwa kuwa watu waliamini mate yake yanaambukiza. Daktari yule alianzisha kliniki, akawapa fenobabito, na watu wakaanza kukaa bila kuanguka. Kilichoilegeza hofu ni jirani kumwona jirani anakaa mwezi hajaanguka, jambo ambalo hotuba haziwezi kulifanya.

Nilidhani kwa mjomba itakuwa hivyo hivyo. Apone, waone, yaishe. Ila kifafa kina faida moja ya ajabu: mtu ameanguka au hajaanguka, kila mwenye macho anaona. Dalili za mjomba zimetengenezwa kwa vitu ambavyo sisi sote tunavyo. Kucheka sana. Kunyamaza. Kununua kitu cha bei. Kupaza sauti. Mtu wa namna hiyo ataonyeshaje kwamba amepona? Awe mfu?

Novemba 2018, wanunuzi walipotaka kununua kwa bei ya chini, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Wengine walilipwa upesi. Wengi walisubiri miezi, huku mashamba yakihakikiwa kuwanasa wanaofanya kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bakuli kwa mkulima mwenye njaa. Mwanzoni mwa 2019 palikuwa na mkutano wa wakulima, siutaji wa chama gani. Watu walipiga meza. Mzee mmoja mtaratibu, mwadhini, alitupa kofia chini. Zamu ya mjomba ilipofika alisimama na daftari lake, akasoma namba za stakabadhi moja moja na kilo zake, akauliza zile zilizopungua zimekwenda wapi. Alipofika gunia la nne au la tano sauti ilikuwa imepanda, kama za wenzake zilivyopanda.

Mtu nyuma akasema, "Mzee, leo dawa umekunywa?"

Ukumbi ukacheka. Kijana mmoja, kwa adabu zote, akamshika mkono akamtoa nje, akamkalisha chini ya mwembe na kumnunulia soda. Swali la kilo zilizopungua likabaki mezani bila mwenyewe, na aliyekuwa anapaswa kulijibu akashusha pumzi. Kila aliyefoka siku ile alikuwa mkulima mwenye madai. Mmoja tu ndiye aliyekuwa mgonjwa, na ndiye aliyekuja na maandishi.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia, na naona ni kila mahali. Wale wale ambao hawakuuona ugonjwa ulipokuwepo sasa wanauona usipokuwepo. Mjomba kwetu ndiye anayesimamia ndoa za wapwa. Siku hizi anapewa kiti cha mbele na taarifa ya yaliyokwisha kuamuliwa. Akimkaripia kibarua anayeokota korosho mbichi, kibarua anamtazama mkaza mjomba. Hata mkaza mjomba, ambaye hakuna aliyebeba zaidi yake, akimsikia mumewe anacheka kwa sauti barazani huingia ndani akahesabu vidonge kwenye mkebe. Aliniambia mwenyewe, kwa unyonge. Sina cha kumlaumu. Aliyewahi kuona paa la nyumba likitaka kuuzwa saa nane za usiku ana haki ya kuhesabu vidonge.

Maana ukweli una pande zake. Ugonjwa huu hurudi, na ukali wa ghafla unaweza kuwa dalili. Mtu anayesema tusiangalie kabisa hajawahi kuishi nao. Ila muuguzi alituonyesha pa kuangalia. Mjomba aliyekasirika na mjomba anayepanda wanaweza kuwa na sauti ile ile. Usiku ndio unaowatofautisha. Aliyekasirika atalala. Kama amelala, ana haki ya kujibiwa swali lake.

Hukumu hizi pia zinajua nani ni nani. Pale Msimbati, mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza mmoja aliyestaafu, Latham Leslie-Moore, alitangaza kipande chake cha pwani kuwa nchi inayojitegemea. Vitabu vya watalii humsimulia kwa mapenzi, kama kioja cha pwani. Sisemi alikuwa mgonjwa. Sina mamlaka hayo na wala simjui. Nasema tu kwamba mzungu alianzisha dola ufukweni akaitwa mtu wa vituko, na mjomba alitaka kuanzisha boti kutoka ufukwe huo huo.

Vijana wetu wanadhani wao wameshavuka. Binamu yangu aliyeko chuo hataji ndondocha. Anasema fulani ana baipola, fulani ana sonona, mpenzi wake wa zamani ana ugonjwa wa haiba aliousoma kwenye simu. Ni lugha ya duka la dawa mdomoni mwa mtu yule yule wa kisimani. Mwanamke aliyeachwa analia anapewa jina la ugonjwa kabla ya kupewa maji ya kunywa.

Kitu kimoja nimekiona kwa mjomba ambacho sikukitarajia. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilivamiwa na kuchomwa na wapiganaji waliotoka Msumbiji. Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Watu walivuka mto, wengine wakafikia kwa ndugu. Mmoja alikuwa dada aliyeanza kukaanga mihogo karibu na kituo cha pikipiki. Tairi la lori lilipasuka siku moja, akalala chini akifunika kichwa, mafuta ya moto yakamwagika. Dakika hiyo hiyo watu wakajua: ana jini la ng'ambo, limemfuata. Mmoja akaenda kutafuta ubani.

Mjomba alichutama kando yake, akasubiri. Kisha akamuuliza, "Unalala, mwanangu?" Yule dada akasema analala amekaa, kaegemea mlango. Mjomba hakumpa jina la ugonjwa wala la jini. Alimwelekeza kliniki ni siku gani, aingie mlango upi, akampa nauli. Waliokuwepo walimsikiliza, kwa mara moja ile ugonjwa wake ulihesabika kuwa ujuzi. Kesho yake wakarudi kumtazama kwa pembe ya jicho kama kawaida.

Msimu uliopita alikwenda Mtwara mjini, na kurudi akakodi pikipiki ya kijana mgeni, mtu wa Masasi. Walipofika, kijana akaongeza nauli. Mjomba akamwambia ni mwizi. Kijana akamwambia ni mzee bakhili asiye na haya. Wakatukanana barabarani mpaka mbuzi wakahama, bila yeyote kumuuliza mwenzake kuhusu dawa. Mjomba aliingia ndani akihema, akaturudia kila tusi kwa mpangilio, yake na ya kijana, akikiri kwamba moja la kijana lilikuwa zuri. Mkaza mjomba akainuka kuelekea kwenye mkebe.

"Kaa, mke wangu," akamwambia. "Nimekasirika tu."

Usiku ule alilala mapema, akakoroma. Nauli yenyewe ilizidishwa shilingi elfu mbili, na mpaka leo anasema aliibiwa.